Kijamanda Nilichokirudisha

Watu wa hapa Likoni wanasema mimi Mwanatatu ni mwanamke wa hasira. Sitawapinga, maana nikiwapinga nitakasirika. Ndivyo nilivyozaliwa. Marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja uso hata mkunga akaniomba radhi. Lakini hasira moja katika hasira zangu zote ndiyo iliyoninyima mume, na hiyo ndiyo nitakayowasimulia. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya vita kwisha, siku ya kumi na tisa tangu niache tumbaku.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuwa mtu wa kuonja tumbaku. Nilikuwa mtu wa tumbaku. Nilianza na jino. Nilikuwa na miaka kumi na minne, jino likaniuma siku tatu, nyanya akanibandikia kipande cha tumbaku shavuni, akasema, "Bana hapo, usimeze." Jino likapona, tumbaku ikabaki. Baadaye nikaitia katika tambuu kama wanawake wote wa kwetu: jani, popoo, chokaa, na tumbaku juu yake. Mchanganyiko huo ndio tunaouita uraibu. Mgeni akiingia nyumbani hata maji hujampa, unampa uraibu kwanza, na ukikosa kumpa atakwenda kukusema hadi Ngombeni.

Na mwaka wa ile njaa ya vita, tulipokuwa tukipanga foleni ya mahindi ya manjano jua likituwakia utosini, unadhani tulikula nini mchana? Tumbaku. Unaibana shavuni, tumbo linanyamaza. Nani angesimama mbele yetu atuambie tumbaku ni mbaya? Kilichokuwa kibaya ni njaa.

Mume wangu Mwinyihaji alifariki mwaka huohuo kwa homa. Mtoto wetu mmoja alikuwa amekwisha kumtangulia. Nikabaki na nyumba ya vyumba vitatu, mikeka ninayosuka, na kijaluba changu cha shaba cha kutilia tambuu. Wallahi nawaambia kweli, nilikuwa nikizungumza na kile kijaluba. Kifuniko chake kilikuwa kikilia "tak" ninapokifungua, nami najibu, "Abee." Mkitaka kucheka chekeni. Mtu anayekaa peke yake hujibu chochote kinachomwita.

Basi paa likaoza. Nikamwita Mwidani, fundi wa kuezeka, aje kabla ya mvua za vuli. Mwidani alikuwa mgane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mtu wa maneno machache, kaka wa Mwanarehema ambaye mimi na yeye tulikuwa mashoga tangu utoto. Kuezeka kipaa kimoja, yaani upande mmoja wa paa la nyumba kama yangu, ni kazi ya siku nne au tano. Kipaa cha mbele Mwidani alikiezeka kwa siku kumi na moja. Mimi si mjinga. Nilikuwa nikimwona akifunga kuti, akilifungua, akilifunga tena, na kuti lenyewe halina kosa lolote.

Kila adhuhuri alikuwa akishuka kupumzika, nami nikimkunjia tambuu, maana hiyo ni haki ya fundi. Siku ya kwanza alinizuia mkono.

"Mimi bila tumbaku, Bi Mwanatatu."

"Bila tumbaku si majani ya mbuzi hayo, fundi?"

Akacheka, lakini hakuipokea hadi nilipoitoa tumbaku. Siku ya pili nikamuuliza sababu, akanieleza. Mkewe alitoka kidonda ndani ya shavu, palepale alipokuwa akibana tumbaku. Dresa wa dispensari akamwambia aache. Jamaa zake wakasema dresa hajui kitu, hiyo ni husuda, wakampeleka kwa mganga, na huko kwa mganga akawa bado anatafuna. Mwishowe hata uji haukuweza kupita.

"Nilimzika mwezi wa Rajabu," akasema Mwidani. "Tangu siku ile siwezi harufu yake."

Ndani ya shavu langu la kushoto kulikuwa na kidonda cheupe, kina miezi miwili, na sikuwa nimemwambia mtu.

Mambo yangu hayafichiki lakini. Siku ya tatu nilimpikia mchuzi wa papa, nikaonja, pilipili ikagusa kidonda, machozi yakanitoka na sufuria ikaniponyoka. Mwidani akashuka mbio.

"Fungua mdomo," akasema.

Yeye nani hata aniamrishe nifungue mdomo uani kwangu? Nikafungua. Alitazama kwa muda mrefu, vumbi la makuti limemjaa kichwani, anatazama kama anavyotazama boriti iliyoingia mchwa. Kisha akasema, "Nenda kwa dresa kesho. Mimi sitaki kuzika tena." Akarudi juu ya paa.

Mmesikia alivyosema? Sitaki kuzika tena. Mtu huzika walio wake. Fundi hamziki mwenye nyumba! Nilikuwa na miaka arobaini na nne, na moyo wangu ulirukaruka nikaona haya peke yangu. Nilimtaka Mwidani. Nasema wazi, sina wa kumficha. Nilitaka asikike akikohoa katika kile chumba cha mbele. Nilitaka mtu wa kuniita nikaitika mtu, si kifuniko cha shaba.

Dresa alikuwa Mrabai mmoja mnene akiitwa Ngala, kaptura imembana, mpole lakini hana mzaha. Akanitia kijiti mdomoni, akatazama, akanawa mikono.

"Mama, acha tumbaku."

"Nipunguze?"

"Sikusema upunguze. Kidonda hiki bado kidogo, huenda kikapona. Ukiendelea kutafuna sitakuahidi kitu."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku zote, mama."

Nilimtukana kimoyomoyo hadi mababu zake. Akanipaka dawa ya zambarau, nikarudi nyumbani mdomo kama niliyekula wino. Nikaitupa tumbaku yote chooni. Tambuu nayo nikaiacha, maana mimi nikitafuna jani tu, ulimi unauliza mwenzake yuko wapi. Kijaluba nikakifunga kitambaa nikakipandisha darini. Nilikuwa nikijua kuzika pia.

Lo! Nisiwadanganye. Siku ya kwanza kichwa kiliuma. Siku ya pili mikono haikujua pa kukaa. Nasuka mkeka, mkono wa kulia unaondoka wenyewe kwenda kutafuta kijaluba, unakuta sakafu. Siku ya nne nililia kwa sababu ukindu umekatika. Mimi nilikuwa mkali na tumbaku mdomoni; bila tumbaku nilikuwa siafu. Kuku wangu mwenyewe alianza kutaga kwa jirani.

Kilichonishika ni Mwidani. Kila asubuhi akifika, kabla hajapanda, husema, "Siku ya ngapi?"

"Ya tano."

"Alhamdulillahi."

Kesho yake nikichelewa kutoka anauliza akiwa juu ya paa, sauti inapita katikati ya makuti, "Siku ya ngapi, Bi Mwanatatu?" Nami huku chini, "Ya sita!" Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Mwingine huletewa kanga, mwingine huletewa halua, mimi niliulizwa siku. Na zilinitosha.

Kipaa cha mbele kikaisha. Makuti ya kipaa cha nyuma yalikuwa hayajasukwa, akasema atakwenda kuyangoja na kurudi baada ya wiki mbili hivi. "Usiache kuhesabu," akaniambia. Akaenda zake. Hapo ndipo nilipoujua upweke wenyewe.

Kwa sababu, ndugu zangu, kwetu hakuna mtu anayekwenda kwa mtu kutazama uso wake. Watu huja kwa uraibu. Wanawake waliokuwa wakijaa barazani kwangu kila alasiri walikuwa wanakuja kwa kijaluba, nami sikulijua hilo mpaka nilipokipandisha darini. Siku za mwanzo walinicheka. Wakasema ati nina mimba, mimba ndiyo inayochukia tumbaku. Mimba ya nani, upepo? Kisha wakasema najiona. Kisha yakaja maneno mabaya zaidi, maana kwetu ukikataa tambuu ya mtu, umesema unaiogopa. Umemwita mchawi bila kutaja jina. Nikikutana nao njiani, natolewa jani, nasema, "Nimekoma, mwenzangu," na nauona uso wa mtu ukifungwa kama dirisha. Nifanyeje? Niwaonyeshe kidonda? Wangesema ni husuda, na wangetafuta mwenye husuda, na masikini wa kwanza kuonekana wangemwonea. Nikanyamaza. Baraza ikawa tupu. Nilikuwa nikifagia mahali ambapo hapakukaliwa.

Aliyekuwa bado akija ni Kafedha, na heri asingekuja. Kafedha ni jirani yangu, mwanamke wa mizaha. Akapanga na wenzake wanijaribu kwa zamu. Leo huyu, kesho yule, anapiga hodi na kijamanda chake, kile kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko, ananyenyekea kama mwali, anasema, "Nimetumwa nikuletee uraibu."

"Umetumwa na nani?"

"Na akupendaye!"

Kisha anakifungua chini ya pua yangu, harufu ya tumbaku inanipanda hadi ubongoni, na nje ya ua nawasikia wenzake wakicheka. Mara mbili nilikuwa karibu kuanguka. Mara ya pili mkono ulikwisha kufika. Tangu hapo nikajiwekea sharti: kijamanda chochote kikiingia kwangu, hakifunguliwi.

Sasa sikilizeni hapa, maana maneno yale Kafedha hakuyatunga. Ni maneno ya posa. Mtaani kwetu mwanamwali huposwa na wazee, lakini mjane ana ulimi wake, na mwanamume mtu mzima anaona haya ya kukataliwa mbele ya watu. Kwa hivyo humtuma dadake. Dada huja na kijamanda kilichofunikwa, na ndani mna tambuu moja tu, imekunjwa, imefungwa kwa karafuu. Haruhusiwi kusema lolote ila, "Nimetumwa nikuletee uraibu." Mjane akifungua akatafuna, amekubali, na Ijumaa wazee watakuja. Akikirudisha, amekataa. Yakiisha yameisha. Hayasemwi tena milele, hata na aliyetumwa, ili watu wote watatu waendelee kuamkiana bila aibu. Ni adabu nzuri sana. Imeniua.

Mtaniuliza, kwani hukuijua? Niliijua tangu utoto! Lakini Kafedha na genge lake walikuwa wameyachezea maneno yale hata yakanitoka maana. Siku ya kumi na tisa asubuhi alikuja yeye mwenyewe Kafedha, nikamfukuza na ufagio. Kichwa kilikuwa kikinigonga. Alasiri nikasikia hodi tena. Alikuwa Mwanarehema.

Leo naikumbuka leso aliyoivaa chini ya buibui. Mpya, bado ina harufu ya dukani. Mwanarehema havai leso mpya siku ya kazi. Na kijamanda kilikuwa kipya, ukindu wake mweupe. Yote hayo niliyaona, na sikuyaona. Akaketi ukingoni mwa baraza, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akasema polepole, "Shoga, nimetumwa nikuletee uraibu."

Nikaona giza. Mwanarehema! Hata yeye wamemtia mkumboni! Watu wote sawa, lakini huyu niliyekula naye sahani moja?

"Rudi nao!" nikamwambia. "Na aliyekutuma mwambie nimekoma, na akome na yeye! Sitaki! Akija hapa mwenyewe nitammwagia maji ya moto!"

Mwanarehema akawa kama aliyepigwa kofi. Alitaka kuondoka, akasita. Akakisukuma kijamanda kidole kimoja karibu nami.

"Fungua kwanza, Mwanatatu."

"Sifungui! Nikifungua nimekwisha."

"Hutaki hata kutazama?"

"Kitoe mbele yangu!"

Akakichukua. Akajifunika buibui, akaondoka bila kuaga, na mimi nyuma yake nimesimama mikono kiunoni. Na mnajua nilihisi nini? Nilihisi fahari. Naapa. Nilijiambia, leo nimeshinda hata mbele ya Mwanarehema, nitamwambia Mwidani akija. Nilikuwa nimeyapanga na maneno: siku ya kumi na tisa, fundi, dadako mwenyewe alinijaribu na sikufungua. Nilikuwa nikimngoja anisifu.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia. Kidole hupona.

Makuti ya kipaa cha nyuma yakaja, lakini aliyekuja nayo hakuwa Mwidani. Alikuwa fundi mwingine, Kombe.

"Mwidani yuko wapi?"

"Ana kazi Mtongwe, mama. Amenituma nikumalizie."

Kombe alimaliza kwa siku tatu. Hakuuliza siku ya ngapi, wala hakuwa na sababu ya kuuliza. Mwidani nilikutana naye wiki ile njiani, akasema, "Salama, Bi Mwanatatu?" macho chini, akapita. Kwa adabu kabisa. Nikarudi nyumbani nikajitazama kiooni, mdomo wangu wa zambarau, nikasema ni huu. Amekumbuka mdomo wa marehemu mkewe, ameona kinyaa. Niliulaumu mdomo kwa rangi yake, kumbe mdomo una makosa mengine.

Siku ile nilipanda darini. Nilikishika kijaluba, nikafungua kitambaa. Nani anauliza tena siku ya ngapi? Nikafungua kifuniko, kikalia "tak," na mimi nikakosa kuitika. Nikayasikia maneno yake, mimi sitaki kuzika tena. Kama hanitaki hanitaki, lakini sitampa jeneza langu alibebe. Nikakifunga. Nikaendelea kuhesabu peke yangu, kwa sauti, asubuhi, naangalia juu kwenye makuti kama mwendawazimu. Ya thelathini. Ya arobaini na moja. Ya sitini.

Siku ya tisini na tatu dresa Ngala alinitia kijiti mdomoni, akatazama, akatazama tena. "Mama, pamefunga," akasema. "Umepona." Nikalia pale dispensari, hata akanipa kiti. Kisha nikatoka nje, na nilipofika barabarani nikagundua kwamba sina wa kumwambia. Habari njema kama ile, na mtaa mzima hakuna mlango wa kubisha. Basi nikasema, liwalo na liwe, nitamwambia aliyenituma kwa dresa. Nikashika njia ya Mtongwe kwa miguu hadi kwa Mwidani.

Nilipokaribia nikasikia harufu ya pilau, nikaona wanawake na masufuria makubwa. Moyo ukanipasuka, nikadhani amekufa ni khitma. Nikamwona Mwanarehema kwenye moto, mwiko mkononi.

"Kuna nini hapa?" nikauliza.

"Mwidani ameoa," akasema bila kunitazama. "Nikaha imesomwa baada ya Adhuhuri." Bibi harusi alikuwa mjane wa palepale Mtongwe, ana watoto watatu.

Nikakaa. Sinia ya tambuu ikapita, ikafika kwangu, nami nikasema lile neno langu ambalo lilikuwa halina tena wa kulisikiliza: "Mimi nimekoma."

Mwanarehema akautupa mwiko chini.

"Twajua umekoma!" akasema. "Hata ile isiyo na tumbaku uliikataa!"

"Isiyo na tumbaku ipi?"

Akaziba mdomo wake kwa kiganja. Alikuwa ameivunja adabu, na alijua. Lakini mimi nilimshika mkono nikamvuta hadi nyuma ya jiko, na uso wangu nadhani ulimtisha, maana alinieleza.

"Aliikunja mwenyewe," akasema. "Jani, popoo, iliki, na karafuu juu. Aliifungua mara tatu akanionyesha, 'Tazama, dada, haina tumbaku hata chembe.' Nikamwambia, lakini Mwanatatu ameacha tambuu zote, siku hizi hata jani hataki kuliona. Akasema, 'Akifungua tu atajua ni mimi. Nani mwingine Likoni nzima atamletea tambuu bila tumbaku?'"

Akaanza kulia. "Mimi nilikuambia ufungue, Mwanatatu. Zaidi ya hapo sikuruhusiwa."

"Ulimpa maneno gani?"

"Uliyoyasema. Kwamba akija mwenyewe utammwagia maji ya moto."

Nilirudi Likoni. Sikumbuki njia. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga mtungi mzima nikaupiga na teke. Mtaniambia dini imeruhusu wanne. Imeruhusu. Lakini kwetu tambuu iliyorudishwa haipelekwi tena nyumba ile, na wale watoto watatu walikuwa wamekwisha kupata wa kumwita baba. Mimi ni mkali, si mwizi.

Masika ikaingia. Kipaa cha mbele hakikudondosha hata tone. Kipaa cha nyuma, cha Kombe, kilivuja kila mahali, nikawa nalala na mabakuli. Asubuhi moja mvua imekatika nikasikia kishindo cha ngazi ukutani. Nikatoka, nikaiona miguu ya Mwidani. Dadake alimwambia paa linavuja, akaja bila kuitwa, na makuti yake begani.

"Mdomo je?" akauliza akiwa huko juu.

"Umepona."

"Alhamdulillahi." Akafumua kuti la Kombe, akaliangusha chini.

"Fundi," nikamwita.

"Naam."

"Kile kijamanda sikukifungua."

Akaacha kufumua. Nilikuwa siuoni uso wake, naona miguu tu, na kamba iliyokuwa ikining'inia.

"Hukufungua?"

"Nilidhani ni mzaha wa akina Kafedha. Niliogopa harufu."

"Dada hakuniambia hivyo," akasema.

"Adabu."

"Ndiyo," akasema. "Adabu." Akaendelea kufunga.

Adhuhuri akashuka. Sikuwa na tambuu ya kumpa, nikampa maji kwa kata. Akanywa, akaishika ile kata mkononi muda mrefu, anaizungusha.

"Mke wangu anatafuna," akasema mwishowe. "Asubuhi hadi jioni. Nimemkataza, nimembembeleza. Nimemwambia sitaki kuzika tena."

Maneno yaleyale. Nilidhani yalikuwa yangu peke yangu. Yaliniingia kama mwiba wa samaki, na nilikuwa na hasira, ndugu zangu, nilikuwa na hasira ya kuivunja ile kata kichwani mwake.

"Wewe uliachaje, Bi Mwanatatu?" akaniuliza. "Nifundishe, nikamwambie."

Nilimtazama. Alikuwa ananiuliza kwa kweli, hakuwa na ujanja wowote. Aliogopa. Na yule mwanamke wa Mtongwe hakunikosea chochote.

"Kumkataza hakufai," nikasema. "Muulize siku ya ngapi. Kila asubuhi, kabla hujatoka. Hata akikutukana, muulize. Hata ukiwa juu ya paa."

"Siku ya ngapi tu?"

"Hilo tu."

Akanirudishia kata. Akapanda, akamaliza kipaa kile jioni ileile, hakufungua hata kuti moja alilokwisha kulifunga. Nasikia mkewe sasa ameacha, na kwamba watu wa Mtongwe wanamcheka Mwidani kwa kuhesabu hesabu zake mlangoni kila asubuhi.

Paa langu halivuji. Mdomo wangu mzima. Leo ni siku ya mia nne na kumi na mbili, nawaambia nyinyi, maana hata nyinyi hamkuniuliza.